Kiu Iliyotoka Jangwani

Ndoo ilikuwa tupu.

Tupokigwe aliinama akaitazama vizuri, maana aliijaza mwenyewe kabla ya kwenda kuwasha jiko. Ndoo kubwa ya bluu, maji mpaka mdomoni, na kifuniko akakibana kwa kiganja. Sakafu ya bafu ilikuwa kavu. Akapitisha kidole ndani kutafuta ufa, asiuone. Kidole kikatoka na vumbi laini la rangi ya chai ya maziwa.

"Edgar, umeshaoga?"

"Nioge saa ngapi? Si nakusubiri wewe," mumewe akajibu kutoka sebuleni. Alikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha kule Kurasini, na akichelewa kutoka Chamazi asubuhi, foleni ya malori ilikuwa haimhurumii.

Tupokigwe akacheka peke yake, akachota upya kwenye simtanki. Alidhani ni uchovu. Na kweli alikuwa na haki ya kuchoka, kwani hakuwa na muda mrefu tangu arudi kutoka jangwani.

Alikuwa mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, mtoto wa Tukuyu, kule ambako watu hawaombi mvua inyeshe, wanaomba ikome. Nani angedhani binti wa huko angekwenda kukimbia kwenye mchanga usioijua mvua? Aliyemshawishi ni Najma, mzaliwa wa Kinondoni, shoga yake tangu walipokutana kwenye klabu ya jogingi. Najma ndiye aliyempokea mjini. Mama yake Najma, Bi Hamida, ndiye aliyemlisha futari Mkristo huyu mpaka akazoea mihogo ya nazi. Na mama yake Tupokigwe alipofariki, Najma alipanda basi hadi Tukuyu, akalala chini kwenye matanga na mvua ile na baridi ile. Hao hawakuwa marafiki tena, walikuwa ndugu.

Mbio zenyewe hazikuwa za kuanza asubuhi na kuvishwa medali mchana. Zilikwenda siku baada ya siku, huko kaskazini mwa Afrika, kwenye mawe meusi na matuta ya mchanga yanayohama. Kila mkimbiaji alibeba chakula chake na matandiko yake mgongoni. Maji tu ndiyo waliyogawiwa vituoni, kwa kipimo, na ukiyamaliza njiani shauri yako. Mchanga uliingia kwenye soksi, kwenye meno, kwenye kope. Malengelenge yalipasuka yakaota mengine juu yake. Kucha za vidole gumba zilipong'oka, Tupokigwe alizifunga kwenye karatasi kama meno ya mtoto. Jioni, ndani ya hema, walitoboana malengelenge kwa sindano, huyu akimshika yule mguu, wakilia na kucheka.

"Tukifa tunakufa wote, sista," Najma alimwambia.

Ikaja siku ya njia ndefu kuliko zote. Upepo ulivuma wakapotezana, Najma mbele, Tupokigwe nyuma. Jua lilipofika utosini, Tupokigwe alikuwa peke yake kati ya matuta, hasikii kitu ila pumzi zake. Ndipo alipoitwa.

"Tupokigwe binti Tekla."

Alisimama. Kwenye mbio zile wote walimwita Tupo, na kifuani alibandika namba na jina la ukoo wa baba. Jina la marehemu mama yake halikuandikwa popote. Sauti ilikuwa karibu, kavu, kama mtu aliyelala bila kunywa.

"Abee?" akaitika.

Hapakuwa na mtu. Akasema ni jua, akaendelea kukimbia. Lakini tangu hapo alisikia hatua nyingine zikikanyaga pale pale alipotoka kukanyaga yeye. Alipofika kambini, Najma alikuwa ameshafika zamani. Alimkumbatia akalia sana, uso kauficha begani. Tupokigwe alidhani ni machozi ya furaha.

Sasa, nyumbani Chamazi, ndoo ikawa mwanzo tu. Birika lilikauka kabla halijachemka. Maua ya Edgar pale barazani yalinyauka kama yamemwagiwa majivu. Simtanki lililojazwa na boza la maji likalia tupu kesho yake, na fundi aliyeitwa kutafuta mahali linapovuja alilizunguka, akaligonga, akaondoka bila kudai hata nauli. Shukani wakakuta mchanga. Edgar akakung'uta, akatandika upya. Shuleni watoto wakaanza kunyoosheana vidole kwamba mwenzao kamaliza maji ya chupa zao, na Tupokigwe akaona kuwa chupa zilizokauka ni zile zilizokuwa karibu na meza yake.

Kisha harufu ikaingia, harufu ya jiwe lililoungua juani, na kila adhuhuri, majirani wakiwa wamejifungia na feni zao na kuku wamejibanza kwenye vivuli, ilizunguka nyumba pamoja na mchakacho wa miguu, taratibu kwanza, dirisha la jikoni, dirisha la chumbani, nyuma ya choo, tena dirisha la jikoni, halafu mbio, mbio za mtu anayejua kukimbia, anayevuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo kama yeye mwenyewe Tupokigwe alivyojifundisha, mpaka anasimama nje ya pazia, kimya, na pazia linavutwa ndani kidogo kana kwamba kuna anayelinyonya, na ile sauti kavu inasema kwa upole, "Tupokigwe binti Tekla. Kiu."

Alikonda. Midomo ikapasuka. Alikunywa mpaka tumbo likauma, na koo likabaki ukuni.

Najma akaja kumjulia hali. Alikuja na machungwa, akasimama getini, akanusa hewa. Uso ukambadilika.

"Ingia basi, mbona umesimama kama mgeni?"

"Nina haraka, mamii. Nimeacha mtoto kwa bibi yake." Alikuwa analitazama simtanki. "Unaumwa nini hasa?"

"Sijui hata niseme nini," Tupokigwe alinong'ona. "Kuna kitu, Najma. Kinanisemesha."

"Uliitika?"

"Nini?"

"Nakuuliza tu. Watu wa pwani husema ukisikia sauti usiitike." Najma alimpa mfuko wa machungwa kupitia nondo za geti, akaondoka kwa miguu ya haraka. Tupokigwe alipolimenya la kwanza, ndani lilikuwa nyuzi tupu.

Wazee wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba, na kwa siku kadhaa nyumba ikatulia. Kisha adhuhuri moja Edgar, aliyebaki nyumbani kumwuguza, aliisikia ile sauti kwa masikio yake. Mwanamume yule alikaa chini pale pale jikoni.

"Mke wangu," alisema baadaye, sauti ya chini kama wanasikilizwa. "Sie watu wa kanisani, najua. Lakini kuna mama mmoja Mbagala. Wanamwita Bi Mwanakombo. Twende."

"Watu watatuonaje?"

"Watuone. Nikuzike kwa kuogopa macho ya watu?"

Bi Mwanakombo alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, miwani puani, na mpole wa maneno. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamshika Tupokigwe kiganja. Akakiachia upesi, kama aliyeshika sufuria la moto.

"Huyu si wa kwetu," alisema. "Wa kwetu nawajua, wa mikokoni, wa makaburini, wa baharini. Huyu katoka mbali, na hakuja kwa kupotea. Kapewa njia. Anakuita kwa jina gani?"

Tupokigwe akamwambia.

"Tekla ni mama yako? Basi mwanangu, jini halisomi moyo wa mtu likaokota humo jina la mama. Huambiwa. Huko jangwani, nani alimjua mama yako?"

Tupokigwe alifungua mdomo kusema hakuna. Mdomo ukabaki wazi. Alikumbuka mvua ya Tukuyu, mkeka wa matanga, na Najma akimfuta kamasi kwa upindo wa khanga yake. Akakumbuka na geti, na lile swali lililotangulia maelezo yake: Uliitika?

"Najma," akanong'ona.

"Mwite," Bi Mwanakombo akamwambia Edgar. "Mwambie mgonjwa anamtaka. Kama ana damu mwilini atakuja."

Najma alikuja, macho mekundu, amejifunga mtandio mpaka kidevuni. Kulikuwa bado mchana mweupe. Nje watu wanapita na madumu yao, redio ya jirani inapiga singeli. Ndani, madirisha yakafungwa. Bi Mwanakombo alimfunika Tupokigwe shuka jeupe, akaweka bakuli la maji mbele yake, akafukiza ubani na udi. Moshi ulipopanda, Tupokigwe alijihisi anarudi nyuma ndani ya mwili wake mwenyewe, nyuma zaidi, kama mtu anayesukumwa kwenye kona ya chumba chake, na mwingine akakaa mbele akautumia ulimi wake.

"Nani wewe?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Mwenye kiu."

"Nani kakuleta kwa mtoto wa watu?"

"Sikuletwa. Nilipewa." Sauti ilikuwa kavu, haina hasira, na huo upole ndio uliomfanya Edgar ajishike kichwa. "Walipita wengi. Sikuwagusa. Yule aliyejifunga mtandio aliketi kivulini mwa jiwe langu, ana maji. Nikamwomba. Akasema, anakuja mwenzangu nyuma, yeye ana mengi. Nikasema, watu hawaniitikii. Akasema, mwite kwa jina la mama yake, alimpenda sana mama yake, ataitika. Akanipa jina. Nikaita. Akaitika."

Redio ya jirani ikanyamaza. Tupokigwe, akiwa kule nyuma ya nafsi yake, alisikia kila neno. Kiu yote aliyoistahimili jangwani na nyumbani haikuwa imemchoma vile. Angemsamehe Najma woga. Angemsamehe hata uongo. Lakini kuyachukua mapenzi yake kwa mama yake aliyelala kaburini, akayafanya chambo!

Shuka lilimwanguka. Jini akampisha, na macho yaliyomtazama Najma yakawa yake.

"Ni kweli?"

"Tupo..."

"Nimekuuliza, ni kweli?"

"Nilikuwa na mafunda machache tu!" Najma akapasuka kulia. "Kasimama mbele yangu adhuhuri ile hana kivuli! Ungefanyaje wewe? Ningempa maji yangu, nife? Nina mtoto mie!"

"Kwa hiyo nife mie, kwa sababu sina."

Najma alivuta ncha ya mtandio akafuta macho.

"Bado hujachelewa," Bi Mwanakombo alimwambia Najma kwa upole. "Sema kwa kinywa chako kwamba ulilitoa jina la mwenzio bila ridhaa yake. Sema, aliloniomba mimi alipate kwangu. Mwenzio atapona hapa hapa, na wewe nitakuhangaikia, sitakuacha."

Wote walimngoja. Najma alitazama bakuli, akamtazama Tupokigwe, akatazama mlango. Kisha akainama, akavaa ndala zake, kwanza ya kushoto halafu ya kulia, akafungua mlango akatoka. Mwanga ukaingia, mlango ukajifunga nyuma yake.

Edgar alitaka kumkimbilia. Bi Mwanakombo akamzuia. "Jina halirudishwi kwa kukabwa koo." Akamgeukia Tupokigwe. "Haya mwanangu, basi wewe ndiye mwenye moyo. Aliomba maji akanyimwa. Mpe wewe, kwa mkono wako. Mpe kama unavyompa msafiri aliyebisha hodi, halafu umuage."

Tupokigwe aliinua bakuli kwa mikono miwili. "Karibu maji," alisema.

Maji yakashuka. Hakuna mdomo uliogusa ukingo, lakini yalishuka funda kwa funda, na chumba kizima kikasikia mlio wa koo linalomeza, taratibu, kama la mzee. Bi Mwanakombo akajaza tena, yakashuka. Mara ya mwisho yakafika nusu, yakatulia. Ile harufu ya jiwe lililoungua ikalegea.

Ndipo ile sauti ikaja sikioni mwake, kwake peke yake, si kavu tena.

"Nimekunywa. Kwako natoka, hutaniona. Na yule aliyeninyima, nimwache?"

Neno lilikuwa moja tu. Mwache. Lilikuwa ulimini tayari, jepesi, na Tupokigwe alijua kwamba angelitamka mambo yangeishia pale. Aliwaza juu ya Bi Hamida na mihogo yake. Alimwaza yule mtoto anayemwita mamdogo. Kisha akaziona zile ndala, kwanza ya kushoto halafu ya kulia.

Akafumba mdomo.

Kitu kikapita karibu na shavu lake kama upepo wa gari. Mlango ukafunguka wenyewe, ukabaki wazi.

"Ameshakwenda," Bi Mwanakombo alisema, akavua miwani kufuta jasho. Kisha akamkazia macho. "Kabla hajatoka, kakuuliza chochote?"

"Hapana," Tupokigwe akajibu.

Jioni ile walirudi Chamazi. Edgar alijaza ndoo, wakakaa wawili kuitazama kama wazazi wanaotazama mtoto aliyepona homa, na maji hayakupungua. Tupokigwe akanywa kikombe kimoja, kikamtosha. Akalala usingizi mzito.

Kesho yake adhuhuri simu ilianza kuita. Jina la Najma kwenye kioo. Tupokigwe aliiacha ikaita mpaka ikakata, ikaita tena, ikakata. Edgar alimtazama. Hatimaye Tupokigwe akapokea.

Alisikia kwanza kishindo cha miguu, miguu ikizunguka nyumba upesi upesi, na mtoto anayelia karibu na simu.

"Tupo," Najma alisema. "Tupo, mwanangu kaitwa. Kaitwa kwa jina langu, na kabla sijamziba mdomo... Ulimwambia nini yule? Ulimwambia nini, mdogo wangu?"

Tupokigwe alikaa kitandani na simu sikioni.

"Sikumwambia neno," alijibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.