Bakuli Tupu la Watasema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Genoveva alifagia uwanja, akachota maji, kisha akampelekea Watasema ugali. Watasema alikuwa mbwa wa kulinda shamba lao la mahindi pale kijijini Likawage. Ngedere walimjua vizuri, na wezi wa kuku pia.

Wiki moja mbwa huyo alilala tu kando ya ghala. Macho yalikuwa na ukungu, mbavu zimejitokeza, na ugali aliunusa akageuza uso. Genoveva aliogopa sana. Alikumbuka maneno ya baba yake, Nikodemo, mbwa wao wa zamani alipougua: "Mbwa akikataa chakula, huyo ndiyo basi tena." Na kweli yule alikufa.

Genoveva akatazama huku na huku, akawamwagia kuku ule ugali.

"Amekula?" mama yake, Romana, aliuliza kutoka jikoni.

"Amemaliza wote, mama!"

Kesho yake akafanya vilevile, na siku iliyofuata pia. Shuleni hakusikia alichofundishwa. Rafiki yake Agnes alipomuuliza ana nini, alimfokea bure. Aliona kwamba asipolisema jambo lile, labda halitakuwa kweli. Maskini, kuku walinenepa na mbwa akazidi kukonda.

Jumamosi afisa mifugo, Bwana Yunusu, alikuja kuchanja kuku. Alipomaliza akamuuliza Nikodemo, "Huyu mbwa vipi? Namwona amedhoofu."

"Anakula vizuri, bwana. Atapata nafuu mwenyewe."

"Kama anakula, tumpe muda. Nitapita tena mwezi ujao." Akapanda pikipiki, akaiwasha.

Genoveva alikuwa karibu, amesikia yote. Akisema, atagombezwa, na baba atayatamka tena yale maneno. Asiposema, mtu wa dawa anaondoka. Akakimbia, akasimama mbele ya pikipiki.

"Usiende, bwana mifugo! Hali chochote! Chakula chake nawapa kuku!"

Yunusu akazima pikipiki. Alimfunua mbwa mdomo, akaona ufizi umepauka. "Huu ni ugonjwa wa mbung'o," alisema. "Umechelewa kusema, binti. Namchoma sindano, lakini siwezi kuahidi kitu."

Genoveva akaangua kilio, akaeleza jinsi alivyoogopa yale maneno ya baba. Mama yake akamkumbatia, wakaketi pamoja karibu na mbwa.

"Lia, mwanangu. Hata mimi namwonea uchungu."

Jumapili walipotoka kanisani, mbwa alikuwa bado amelala vilevile. Genoveva alimdondoshea maji mdomoni kwa kijiko, huku machozi yakimtoka, na safari hii hakuyaficha. Jumatatu alimweleza Agnes kila kitu, akamwomba radhi. Aliporudi nyumbani alimkuta Watasema amesimama, miguu ikitetemeka, analamba uji. Genoveva alipiga kelele hadi majirani wakatoka nje.

Baba yake akamwita, akamketisha kwenye mkeka.

"Kumbe maneno yangu ndiyo yaliyokutia hofu. Nilikosea, nisamehe. Lakini na wewe ujue, kuhuzunika si kosa. Ukiificha huzuni, sisi tunaoweza kukusaidia hatujui, na mgonjwa anakosa dawa."

"Na kama angekufa, baba?"

Nikodemo akamsogeza karibu.

"Tungelia. Ila usingelia peke yako."