Kimya cha Chumba Kitupu

Jumatatu, tarehe kumi na moja ya mwezi wa tisa, saa tisa alasiri, kinanda cha marehemu kilisikika kwenye spika za studio kikiendelea mbele ya pale ambapo marehemu aliishia.

Mjane aliinua kichwa. Eda yake ilikuwa imekwisha, naye amerudi kwenye kampuni ndogo aliyoiacha mumewe, kampuni ya kurekodi muziki wa kale, ule uliopigwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, kwa vinanda vya nyuzi za utumbo wa kondoo. "Mnawauzia maiti muziki wa maiti," majirani waliwatania, na mumewe alicheka kuliko wote. Kifo kilimkuta wimbo wake wa mwisho haujakamilika. Mjane alitaka utoke hivyo hivyo, ukatike alipokatikia.

"Shemeji, umemleta mtu amalizie?"

Mdogo wa marehemu, fundi sauti waliyembandika jina la Sikio, alitikisa kichwa. "Mimi nimeziba mapengo tu."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kimya."

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Kabla ya kila wimbo mpigaji aliketi na kinanda chake, akasema bismillahi, wote wakatulia, na kimya hicho kikarekodiwa. Baadaye kikohozi au mlio wa kiti ukikatwa, kimya cha chumba kilekile kilitiwa hapo kama kiraka.

"Kaka hakuacha kimya cha wimbo huu," Sikio alinong'ona. "Siku ile tulipotoka makaburini nilipita hapa, nikawasha mitambo, nikatoka. Nikarekodi chumba kitupu."

"Nani alikwambia kilikuwa kitupu?"

Harufu ya utumbo mbichi ilikuwa imeingia. Sikio alikimbilia mlango, akausukuma kwa bega, haukutikisika. Walipiga kelele, wakapiga ngumi, lakini chumba kile kilijengwa ili sauti isitoke, na simu humo hazikuwahi kushika mtandao, na huku kinanda kinaendelea, taratibu, kwa mkono ule ule, hata mjane akajikuta ameketi, machozi yanamtiririka, anatamani kisiishe.

"Ni yeye," alisema.

"Siyo! Kaka alivuta pumzi kwa sauti kabla ya kila kipande, mpaka wateja wakalalamika. Huyu, shemeji, havuti pumzi."

Mjane alisikiliza. Kweli.

Akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, aya ya kinga, Sikio akamfuata. Lakini kila walipotua kuvuta hewa, pale katikati ya neno na neno, uzi mmoja ulilia. Kitu kile kilikuwa kinakaa kwenye mapengo.

"Toa viraka," mjane aliamuru.

Sikio alibofya, akabofya tena. "Havitoki. Vimeshikana na wimbo."

"Basi futa wote."

"Mkono wake wa mwisho huu! Nakala nyingine hatuna. Tutabaki na nini?"

Mjane aliutazama mlango, akamtazama shemeji yake aliyelowa jasho kama aliyemwagiwa maji. Huyu alikuwa hai. Akamsogeza pembeni, akaweka kidole chake mwenyewe kwenye kitufe cha kufuta.

Kinanda kilinyamaza. Kwenye spika ikatoka sauti aliyolala ubavuni mwake maisha yake yote ya ndoa.

"Mama watoto, usinifute. Huku ni kwembamba."

Sikio aliziba masikio.

"Mume wangu nimemzika," mjane alisema polepole. "Nimemkabidhi kwa Mwenyewe. Wewe sikujui."

Akabonyeza.

Mlango ulifunguka bila kusukumwa. Mwanga wa alasiri ukaingia na kelele za barabarani, na wao wakatoka wameshikana mikono, bila hata mlio mmoja wa wimbo ule wa mwisho kubaki duniani.

Ewe Mola, mrehemu mja wako. Mpanulie kaburi lake, litie nuru, na usiruhusu kinywa chochote kisichokuwa chake kimsemee. Amin.