Tovuti ya Mfuga Konokono

Walikutana mahali pasipo na chembe ya mapenzi: ukumbi wa maonyesho ya ajira, watu mia nne, feni mbili, soketi moja ya umeme. Binti alivaa gauni la manjano lililoonekana toka mlangoni. Kijana alivaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Mikono yao ikaifikia soketi pamoja.

"Dada, kompyuta yangu imebakiwa na asilimia mbili."

"Yangu moja. Na usiniite dada, sina kaka mwenye shati la namna hiyo."

Jukwaani mtaalamu alitangaza kwamba kazi za tovuti bado zipo, ila siku hizi programu inajitengenezea tovuti yenyewe, kwa hiyo waajiri hawatafuti tena anayejua kutengeneza. Wanatafuta anayejua kwa nini. Hakuna aliyeelewa. Wote wakaandika.

Wawili wale hawakuandika, walikuwa wakigombania umeme. Kijana aliandika msimbo, na kila mara alisahau kufunga mabano, basi binti akamwita Mabano. Binti alizivisha tovuti sura, naye akaitwa Rangi. Baada ya mwezi waliitana mengine, ambayo kwa heshima ya msomaji tunayaruka.

Wakatengeneza pamoja tovuti ya zahanati. Rangi alitumia siku tisa kutafuta kijani kisichomtisha mgonjwa.

"Rangi wangu, kijani ni kijani."

"Na mwanamke ni mwanamke. Kachukue yeyote."

"Nimekoma, mama."

Kisha kampuni moja kubwa ikatangaza nafasi moja. Wote wawili wakaomba. Akaitwa Mabano peke yake. Jioni kampuni ikaweka picha mtandaoni: Mabano mbele ya skrini, na nyuma yake kijani kile cha siku tisa. Chini yake: "Kazi safi ya kijana huyu."

Rangi akapiga simu.

"Mpenzi, nilitaka kuku..."

"Kijani cha nani hicho?"

"Nisikilize. Niko mbele ya watu, nipe muda kido..."

Akakata, akaifungia namba yake.

Shangazi yake aliyemlea, fundi cherehani, akatoa pini mdomoni. "Mtu akikuibia moyo, mwanangu, lia. Akikuibia kazi, mshone."

Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hawakuwahi kuibiwa tovuti.

Mabano alikuwa na tovuti yake ya kutafutia kazi, na nywila yake, kwa ujinga wa mapenzi, ilikuwa jina la Rangi. Rangi akaingia kama mwenye nyumba. Barua zote zilizoandikwa kupitia ukurasa wa "Niandikie" akazielekeza kwake mwenyewe, na kila mwandishi akawekewa jibu la papo hapo: "Asante. Nimeachana na mambo ya tovuti. Sasa nafuga konokono, na wananihitaji."

Shule ikaandika, ikajibiwa konokono. Muuza samani akaandika, akajibiwa konokono. Rangi alicheka hadi shangazi akasimamisha cherehani. Kwa mtu aliyevunjika moyo, alilala vizuri mno.

Jumatatu saa sita mchana akafungua tena, chai mkononi. Palikuwa na barua ya kampuni, ya tangu Ijumaa.

"Kijana, ulituambia wazi kuwa sura ya tovuti ya zahanati si yako, ukakataa nafasi mpaka tumwone mwenzako. Tumeongeza nafasi ya pili. Njooni wote Jumatatu saa tatu asubuhi."

Chai ikamwagika. Jibu lilikuwa limeshakwenda.

Shangazi aliisoma mara mbili. "Sasa nimshone nani?"

"Mimi, Shangazi."

Akaifungulia namba, akapiga, akaungama yote bila kuvuta pumzi.

"Konokono?" Mabano aliuliza.

"Konokono."

"Wangapi?"

"Sikuandika idadi."

Hakucheka. Hapo ndipo Rangi alipoogopa, maana huyu mtu alicheka hata msibani.

Alasiri hiyo hiyo walikutana kwenye ngazi za kampuni, kwenda kuomba radhi. Rangi alivaa nguo nyeusi, hata hereni hakutia. Mkuu wa kitengo, mama mwenye miwani inayoning'inia shingoni, akawatazama.

"Karibu, mfugaji."

"Mama, barua ile niliitunga mimi," Rangi akawahi. "Nilidhani ameniibia kazi yangu. Yeye hakujua lolote."

"Kijani chako nakipenda, binti. Lakini aliyeingia tovuti ya mpenzi wake kwa hasira, siwezi kumpa funguo za wateja wangu. Nafasi ya pili nimeifuta. Ya kwanza ipo, kijana. Sema sasa hivi."

Mabano alimtazama Rangi. Alishaikataa kazi hii mara moja kwa ajili yake.

"Naichukua," akasema.

Nje, jua lilikuwa kali na Rangi alikuwa akilia bila kujifuta.

"Wiki iliyopita ulikataa kazi kwa ajili yangu."

"Wiki iliyopita sikuwa na konokono."

"Basi tumeachana?"

Mabano akainyoosha kola yake. "Nani kasema? Nitakusamehe kesho. Leo sijamaliza kukasirika."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, nikitoka kazini." Akashuka ngazi mbili, akageuka. "Kazini kwangu."

Neno hilo lilimwingia hadi kwenye mfupa. Rangi akalipokea, maana alijua amelistahili.

"Saa kumi nitakuwa hapa," akasema.