Makombo ya Bibi Kokugonza

Kipimamoto kilishuka taratibu juu ya kichwa cha Bibi Kokugonza na kutulia kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo chake. Papo hapo ubongo wake ukajitokeza hewani mbele ya ukuta wa maabara, mkubwa kuliko tikiti, na kila sehemu iliyokuwa ikitumia nguvu ikawaka rangi ya dhahabu.

"Karibu tena, Bibi Kokugonza," mashine ilisema. "Miaka themanini na moja. Moto wako leo ni asilimia tisini na mbili."

"Haya, niulizeni," alisema bibi, akijiweka sawa kitini. Kabla ya kustaafu alikuwa amepima ardhi ya Bukoba kwa miaka thelathini na tano.

"Kashai, Kitalu D, kiwanja namba mia mbili na saba," alisoma Fundi Muganyizi, mwendeshaji wa mashine.

"Cha marehemu Rwechungura. Jirani yake aling'oa jiwe la kona ya kaskazini, nikalirudisha kwa mikono yangu mwaka elfu mbili na hamsini na tatu. Jirani alininunia mpaka anaingia kaburini."

Muganyizi alicheka. Daktari Kemilembe, binti wa bibi huyo, alitazama kumbukumbu za ardhi kwenye mashine akaona kila neno ni la kweli. Miaka miwili nyuma mama huyu huyu alikutwa Kashai hiyo hiyo, kikapu mkononi, akiuliza wapita njia nyumba yake iko wapi.

Kilichomrudisha ni chembe-kuni. Ubongo ni mdogo lakini ni mlaji. Hauzidi kilo moja na nusu, nao unakula sehemu moja kati ya tano ya nguvu zote za mwili. Uzeeni sukari ya damu huingia kwa shida ndani ya seli zake, na vile vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu huchoka. Seli hazifi mara moja. Zinakaa na njaa, na mtu anaanza kusahau. Kemilembe na wenzake walibuni unga mweupe wa kukorogea kwenye uji wa asubuhi. Ndani yake mlikuwa na chembe zisizoonekana kwa macho, zilizotengenezwa kwa kufuata damu ya mtu mmoja tu. Ziliingia ubongoni, zikageuza mafuta ya mwili kuwa kuni, zikalisha seli moja baada ya nyingine. Pakiti moja, mtu mmoja, siku moja. Wazee elfu arobaini na moja wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiutumia. Kemilembe alivishwa nishani, nami sisemi hakustahili.

Muganyizi alipomshika bibi mkono ashuke, Asimwe, binti wa Kemilembe mwenye miaka sita, alirukia kiti na kujivisha kipimamoto.

"Karibu tena, Bibi Kokugonza," mashine ilisema.

"Leo imechanganyikiwa hii," alisema Muganyizi.

"Miaka themanini na moja. Moto wako ni asilimia mia mbili na kumi."

Ubongo uliojitokeza ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, na haukuwa wa dhahabu. Ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Mashine haikuchanganyikiwa; ilikuwa imesoma alama ya damu iliyokuwa katika chembe-kuni, na alama hiyo ilikuwa ya mama yake Kemilembe. Damu ya mjukuu ilikaribiana na ya bibi kiasi cha kuzipokea.

"Asimwe, bibi anakupa dawa yake?"

"Hapana, mama. Ananiachia uji tu."

"Namwachia, ndiyo," alisema bibi, akishangaa. "Kidogo tu cha kukomba. Bibi gani huyo anayemaliza bakuli mtoto anamtazama?"

Kemilembe aliketi sakafuni. Fomu ya majaribio ilikuwa na maswali mia moja na kumi na manne. Iliuliza habari za pombe, ugoro, mitishamba, hata ndoto. Haikuuliza nani anakomba bakuli. Na aliyeiandika fomu hiyo ni yeye, aliyekulia Kamachumu akigombania na kaka zake watatu makombo ya bibi yao. Alilijua jambo hilo tangu hajaota meno ya pili, ila siku alipovaa koti jeupe alijifanya ametoka nchi nyingine.

Walimpima Asimwe pale pale. Kwa miezi kumi na minne hakuwa ameongezeka urefu hata kidogo. Nyumbani walikuwa wakifurahi tu, maana mtoto alisoma vitabu vya darasa la nne, na sweta lake la shule, lililonunuliwa kubwa ili alikulie, bado lilikunjwa mikono vile vile. Ubongo wa mtoto wa umri ule tayari hula karibu nusu ya chakula chake chote. Chembe-kuni zilikuwa zimeanza kuchukua na ile nusu ya mifupa na moyo.

"Basi tunaacha leo leo," alisema bibi. "Sitamwachia hata tone."

Waliacha. Siku ya pili Asimwe alisimama mlangoni na viatu mkononi, hajui kamba hufungwaje. Siku ya tatu aliuliza choo kiko wapi, nyumbani kwao wenyewe, na mikono yake ikawa ya baridi. Kemilembe alimkimbiza maabara. Kipimamoto kilionyesha giza likitambaa kutoka kando kuelekea katikati. Seli za mtoto zilikuwa zimezoea kuletewa kuni mpaka zimesahau kutumia sukari.

"Inabidi aachishwe kidogo kidogo, Daktari," alisema Muganyizi. "Siku sitini. Makombo hayatoshi tena kuziamsha seli zilizolala; aanze na pakiti nzima, tupunguze kwa kipimo."

"Chembe zake zina alama ya mama. Ni pakiti za mama tu zitakazomfaa."

"Na kiwanda kinatoa moja kwa siku. Kibali cha pakiti ya pili huchukua miezi minne kwenye baraza la dawa."

"Nitaomba. Nitawapigia magoti."

"Mtoto amebakiwa na wiki mbili tu," alisema Muganyizi, bila kumtazama usoni.

Bibi Kokugonza alikuwa amekaa pembeni, mjukuu amelala mapajani mwake. "Nihesabieni na mimi," alisema. "Nikiacha, inakuwaje?"

Akajibu Muganyizi. "Utarudi kulekule, mama, tena haraka zaidi. Na vinu vikizimika mara ya pili haviwaki tena."

"Siku ngapi?"

"Kumi. Labda kumi na mbili."

Bibi alimvuta mjukuu karibu zaidi. "Mara ile niliogopa, Kemi. Sikuwaambia. Nilisimama kwenye barabara niliyoipima mwenyewe, nikaona kila nyumba inanikataa. Sasa naogopa kuliko siku ile, maana nakujua ninakokwenda. Mpe mtoto pakiti."

Kemilembe alitaka kusema hapana. Kilichomtisha ni kwamba neno lenyewe halikuja, na mama yake aliona halikuja.

Siku zilizofuata Kemilembe aliwapigia simu wazee waliotumia unga, nyumba kwa nyumba, hakusubiri baraza. Kila alipouliza swali lake, mzee wa upande wa pili alicheka. "Namwachia, daktari, kwani kuna ubaya gani?" Na nyuma ya sauti hiyo alisikia watoto, wakisoma kwa sauti vitabu vilivyowazidi umri. Kila alipokata simu aliandika jina la mtoto, kisha akapiga nyingine.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja Asimwe alikuwa mezani na bakuli la uji. Mikono yake ilikuwa na joto tena, na viatu alikuwa amevifunga mwenyewe. Bibi alikaa mkabala naye, kitenge kimefungwa ndani nje, akimtazama anavyokula.

"Dada," alimwambia Kemilembe, kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa. "Huyu mtoto wa nani? Anakula vizuri."

"Ni wako, mama."

"Aa," alisema bibi, akatabasamu ili asimuudhi mwenye nyumba.

Asimwe aliweka kijiko chini. Akalisukuma bakuli taratibu hadi mbele ya bibi yake, likiwa na kina cha vidole viwili cha uji.

"Bibi, nimekuachia."

Bibi Kokugonza alinyoosha mkono, uso umechangamka. Kemilembe alilivuta bakuli kabla mkono haujalifikia, akalirudisha mbele ya mtoto.

"Maliza," alisema. "Maliza lote, mwanangu. Usimtazame."