Choroko Anasemaje?

Sekela aliishi Mbeya, mji wa baridi. Asubuhi akifungua mdomo, moshi ulitoka. Haaa! Na moto haukuwepo.

Mbele ya nyumba yao palikuwa na gari dogo, fupi, la kijani. Kijani kama choroko. Basi Mama akalipa jina hilo hilo: Choroko.

Choroko hakuwa mpya. Alitoka Japani kwa meli, na huko alikuwa amekwisha kubeba watoto wengine. Walibandika picha ya samaki kwenye mlango wa nyuma, kisha wakamsahau samaki wao.

Siku ya kwanza, jirani yao Mama Lusajo alichungulia juu ya ua. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Jamani! Hilo ni gari au kiatu?"

"Ni kiatu," Mama akasema. "Lakini kinatutosha watatu. Na mafuta hakinywi, kinanusa tu!"

Mama alikuwa dereva. Baba alikaa kando yake. Baba alikuwa mrefu, kwa hiyo alikunja magoti kama panzi.

Sekela alikaa nyuma, karibu na samaki. Alikuwa na miaka mitatu. Miguu yake ilinyooka juu ya kiti, haikufika hata ukingoni.

Mlango, pwa! Mkanda, kacha! Injini, nguruuu.

Kisha mtu akasema humo ndani: "Kaado-ga sonyu sarete imaseni."

Sekela akaruka. "Nani huyo?"

"Ni Choroko," Mama akasema.

"Anasemaje?"

"Hatujui," Baba akasema. "Hicho ni Kijapani."

"Mimi najua," Mama akasema.

"Wewe! Umejua Kijapani tangu lini?"

"Tangu leo." Mama akageuka, akamtazama Sekela. "Choroko anauliza: Je, tumetimia?"

Sekela akahesabu kwa vidole. Mama. Baba. Sekela.

"Tumetimia!"

"Basi twende!"

Wakaenda.

Mwaka ukapita. Miguu ya Sekela ikafika ukingoni. Ikaning'inia, ikabembea.

Choroko aliwapeleka shuleni. Aliwapeleka sokoni. Siku ya kununua viazi, gunia likaingia kwenye buti, na Choroko akakaa kitako kama mbwa.

Mlimani alikwenda polepole. Basi likampita. Lori likampita. Siku moja, baiskeli ikampita.

"Mama! Tumepitwa na baiskeli!"

"Mpungie mkono," Mama akasema. "Kwani sisi tunakimbizwa na nani?"

Na kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Mlango, pwa! Mkanda, kacha! Injini, nguruuu.

"Kaado-ga sonyu sarete imaseni."

"Choroko anasemaje?"

"Anauliza: Je, tumetimia?"

"Tumetimia!"

"Basi twende!"

Mwaka mwingine ukapita. Ng'ombe akavunja kioo cha pembeni. Baba akakifunga kwa waya. Kikapona, lakini kilitazama juu, kikaona mawingu tu.

Miguu ya Sekela sasa ilifika kwenye kiti cha Mama. Tu, tu, tu.

"Nani ananikanda mgongo?" Mama akauliza.

"Mimi!"

"Haya. Fundi wangu huyo. Endelea."

Mwaka uliofuata, Mama akaugua.

Aliugua wiki. Aliugua mwezi. Akawa mwepesi, na mikono yake ikawa baridi kama asubuhi.

Siku moja Baba alimbeba Mama, akamlaza kwenye kiti cha nyuma, karibu na samaki. Baba akakaa mahali pa dereva. Sekela akabaki mlangoni na Shangazi Bupe, dada yake Baba.

Mlango, pwa. Mkanda, kacha. Injini, nguruuu.

"Kaado-ga sonyu sarete imaseni."

Mama akainua kichwa dirishani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sekela. Choroko anauliza: Je, tumetimia?"

"Hapana, Mama! Mimi niko nje!"

Mama akatabasamu. "Basi tutarudi kukuchukua," akasema.

Choroko akaenda hospitali.

Choroko alirudi. Baba alirudi. Mama hakurudi.

Watu wakaja. Wakaimba. Wakapika kwenye masufuria makubwa. Wakamwambia Sekela, "Pole, mama. Pole sana."

Mama Lusajo akampakata. "Mama yako amesafiri," akasema.

"Bila Choroko?" Sekela akauliza.

Mama Lusajo akafuta pua kwa kanga.

Kisha watu wakaondoka. Nyumba ikawa kubwa.

Kanga za Mama zikakunjwa. Zikawekwa sandukuni. Sanduku likafungwa, kacha.

"Usimtaje mama yako mbele ya baba," Shangazi Bupe akanong'ona. "Baba yako atalia. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Shangazi."

Basi Sekela hakumtaja. Shangazi hakumtaja. Baba hakumtaja. Hata jina la Mama lilikunjwa.

Choroko naye alifunikwa kwa turubai. Baba alikwenda kazini kwa miguu. Sekela alikwenda shuleni kwa miguu, kashikwa mkono na Shangazi.

Wakati mwingine Sekela aliinua turubai kidogo. Samaki alikuwa pale pale.

"Choroko," alinong'ona, "unasemaje?"

Choroko hakusema kitu. Funguo alikuwa nazo Baba.

Masika yakaja. Mvua ya Mbeya ikinyesha, imenyesha kweli. Juu ya bati, swaaa! Njiani, matope mpaka magotini.

Asubuhi moja Baba alisimama dirishani akatazama mvua. Akamtazama Sekela. Akachukua funguo.

Turubai likatoka. Mlango, pwa. Mkanda, kacha. Injini...

Kwii. Kwii. Kwii.

"Betri imelala!" Mama Lusajo akapaza sauti juu ya ua. "Ngojeni!" Akaja na mwavuli. Shangazi Bupe akaja bila mwavuli.

"Moja, mbili, sukumaa!"

"Hiki kiatu kizito, jamani!"

Choroko akabingirika. Akakohoa. Injini, nguruuu!

"Kaado-ga sonyu sarete imaseni."

Sekela akangoja.

Akaangalia kichwa cha Baba, mahali palipokuwa na kichwa cha Mama. Baba hakugeuka.

Sekela akahesabu kwa vidole. Baba. Sekela. Kidole cha tatu kikabaki juu.

Akagusa kiti kwa miguu. Tu, tu, tu.

"Sekela, acha kupiga kiti."

Akaacha.

Hakuna aliyesema, "Basi twende." Walikwenda tu.

Walipofika shuleni, Baba akazima gari. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Jumamosi tutakwenda kwa fundi," akasema. "Ataitoa hiyo sauti."

Kesho yake Sekela hakula uji. Siku iliyofuata hakula uji. Shangazi akamshika paji la uso, lakini halikuwa na moto.

Jumamosi ikafika.

Fundi aliitwa Ambakisye. Alilala chali chini ya usukani, miguu nje, kichwa ndani.

"Kijisanduku chenyewe hiki hapa, Mwalimu," akasema. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, na watu wengi walimwita hivyo. "Nyaya mbili tu. Nikate?"

Sekela akajipenyeza katikati ya viti. Akakifunika kijisanduku kwa mikono yote miwili.

"Usimkate ulimi!"

"Sekela, toka hapo," Baba akasema.

"Sitoki!"

Fundi Ambakisye akatoka chini ya usukani. Akamtazama Baba. Akamtazama Sekela. Akafuta mikono.

"Zungumzeni kwanza," akasema. "Mimi nakunywa chai."

Baba akaingia ndani ya gari. Akakunja magoti kama panzi. Mvua ilidondoka juu ya paa. Ti, ti, ti.

"Sekela, sikiliza. Choroko hasemi 'tumetimia.' Hajawahi kusema hivyo."

"Mama alisema anasema."

Neno lilikuwa limetoka. Sekela akafunika mdomo wake kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ukabaki kwenye kijisanduku.

"Mama alitunga," Baba akasema polepole. "Mimi nilimuuliza mtu anayejua Kijapani. Nikamwambia Mama. Mama akacheka. Akasema, 'Mwache mtoto. Tafsiri yangu ni tamu kuliko yako.'"

"Kwa hiyo Choroko anasemaje?"

"Huko Japani, barabara kubwa zinalipiwa. Gari linawekewa kadi ya kulipia humu, kwenye kijisanduku hiki. Sisi hatuna kadi hiyo. Basi kila anapowashwa, Choroko anasema: Kadi haimo."

Sekela akafikiri.

"Anasema kuna kitu hakimo?"

"Ndiyo."

"Kinatakiwa kiwemo, lakini hakimo?"

"Ndiyo."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na hachoki?"

"Hachoki."

Sekela akaondoa mkono mdomoni.

"Nyumbani hakuna mtu anayesema," akasema. "Shangazi hasemi. Wewe husemi. Mimi nimekatazwa. Choroko peke yake anasema."

Baba alitazama usukani. Kitu kikadondoka juu ya usukani. Ti. Halafu tena. Ti.

Haikuwa mvua. Mvua ilikuwa nje.

"Shangazi alisema nikimtaja Mama utalia," Sekela akasema.

"Shangazi alisema kweli."

"Inauma?"

"Inauma."

"Na usipotajiwa?"

Baba akafuta uso kwa kiganja. "Inauma vile vile," akasema.

Fundi Ambakisye akarudi na kikombe chake. "Haya, Mwalimu. Nikate?"

"Hapana," Baba akasema. "Mwache aseme."

Baba akashika ufunguo. Sekela akarudi nyuma, karibu na samaki.

Mlango, pwa! Mkanda, kacha! Injini, nguruuu.

"Kaado-ga sonyu sarete imaseni."

"Choroko anasemaje, Baba?"

Baba alipenda kusema kitu kilicho sawasawa.

"Anasema Mama hayupo."

Masikio ya Sekela yalikuwa na njaa ya neno lile, na sasa yalikula.

"Na sisi?"

"Sisi tupo. Mimi na wewe."

Sekela akaangalia vidole vyake. Kidole cha tatu kilikuwa bado juu. Hakukikunja.

"Hatujatimia," akasema.

"Hatujatimia," Baba akasema. "Hatutatimia, Sekela."

Sekela akaweka miguu kwenye kiti cha mbele. Akagusa kidogo. Tu. Akangoja agombezwe.

Baba akasogeza mgongo.

"Kushoto kidogo," akasema.

Tu, tu, tu.

"Hapo hapo. Basi twende."

Wakaenda. Mlimani Choroko alikwenda polepole. Baiskeli ikawapita, na Sekela akaipungia mkono.

Jioni Baba alifungua sanduku. Kacha. Akatoa kanga moja ya Mama, akaja nayo chumbani. Shangazi Bupe alisimama mlangoni. Hakukataza.

Baba akamfunika Sekela. Sekela akainusa kanga. Akainusa tena, upande huu na upande ule.

"Inanuka sanduku," akasema. "Hainuki Mama."

"Ndiyo," Baba akasema. "Nimenusa."

Sekela akaivuta mpaka kidevuni. Hata hivyo ilikuwa na joto.

"Baba, kesho Choroko atasema tena?"

"Atasema."

"Na sisi?"

"Na sisi tutasema."

Sekela akataka kujaribu. "Mama," akasema, taratibu.

"Mama," Baba akasema.

Shangazi Bupe, pale mlangoni, naye akalisema neno hilo.

Macho ya Sekela yakawa mazito. Yakajifumba.

Nje, Choroko alilala bila turubai. Kioo chake kilichofungwa kwa waya kilitazama mawingu. Mvua ikamwosha mlango, ikamwosha samaki. Swaaa. Swaaa.