Ufunguo Usioanguka

Yaliyompata Koleo, rafiki yetu fundi vitasa, mpaka leo hapendi kuyasimulia. Mchana mmoja shemeji yake alimwita akafungue chumba cha nyuma. Kaka yake Koleo alikuwa amejifungia humo kuitafuta nuru. Alishafunga saumu, alishakesha, alishahangaika kwa walimu tele bila kuambulia kitu. Safari hii akaziba dirisha kwa matofali, akaapa hatoki mpaka aione.

"Chai namwekea mlangoni, kikombe nakikuta kitupu," shemeji alinong'ona. "Ila sauti yake siisikii tena."

Koleo akabisha. "Kaka, ni mimi."

Akachungulia tundu la kitasa. Ufunguo ulikuwamo, kwa ndani. Akafanya wafanyavyo mafundi wote: akapenyeza gazeti chini ya mlango, kisha akausukuma ufunguo kwa waya ili uangukie juu yake.

Ukachomoka. Akatega sikio. Hakusikia ukianguka.

Mara gazeti likaanza kurudi lenyewe, taratibu, likikwaruza sakafu. Ufunguo ulikuwa juu yake.

"Shemeji, unalivuta wewe?"

"Mikono yangu hii hapa."

Akafungua. Giza totoro. Akamulika tochi: mkeka mtupu, matofali dirishani, na vumbi sakafu nzima, bila alama hata ya unyayo mmoja.

Shemeji akaangua kilio. Koleo hakuweza hata kumbembeleza. Alikuwa ameufumbata ule ufunguo, nao tangu auokote gazetini ulikuwa na joto na unyevu wa jasho, kama kitu kilichoshinda kiganjani mwa mtu.