Kifungo Kilichosikia Kila Kitu

Kila siku nikitoka shule nabadilisha sare, nakunywa chai, kisha naingia kazini. Ndiyo, kazini! Mama yangu ni fundi wa nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito ya kuvunja mgongo, na pazia la kijani kwenye kona ambako wateja hupimwa. Kazi yangu ni kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kufumua pindo na kushona vifungo. Kwa vifungo sina mpinzani. Nyumbani wananiita Chiriku kwa sababu ya mdomo wangu, lakini nikishika sindano hata mimi hutulia.

Mama ana sheria moja isiyo na mjadala. Mlangoni kuna kikapu, na kila anayeingia, awe mteja, awe jirani, awe mtoto wake wa kumzaa, anaweka simu yake humo. "Mtu akisimama mbele yangu nimpime, amenipa heshima yake niishike," husema. "Na watu wakipimwa husema mengi. Hayo hayatoki hapa." Kuna wateja wanaonuna, kuna wanaocheka, lakini wote hurudi.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili, mjomba wangu, mtu anayependa vitu vipya kuliko mtoto mdogo, aliniletea zawadi. Ilikuwa kidude cheupe cha mviringo, kidogo kama kifungo cha koti, chenye kibanio nyuma.

"Kinasikiliza tangu asubuhi mpaka jioni," alieleza huku macho yakimng'aa. "Kisha kinakuandikia kwenye simu, popote ilipo, muhtasari wa siku nzima. Mwalimu kasema nini, kazi ya nyumbani ni ipi. Hutasahau kitu tena!"

Mama aliacha kukanyaga cherehani. "Na sisi tusiosoma darasa lake, kinatusikiliza pia?"

"Dada nawe! Kinasikia, ndiyo, lakini ni kwa faida ya mtoto tu. Usiwe mshamba."

"Mshamba ndiye mimi. Mgeni anayekaa kimya akisikiliza tu, kwangu simpendi," alijibu Mama. Baba akacheka, mjomba akacheka, na maneno yakaishia hapo. Tulikiunganisha na simu ya Baba, kwa kuwa mimi sina simu yangu.

Wiki mbili nilitamba nacho darasani, na jioni nilikiacha kwenye sare niliyoitundika chumba cha mbele. Siku moja rafiki yangu tunayemwita Miwani aliniambia, "Usiwe mchoyo, bwana. Sisi wengine tunaandika mpaka vidole vinakufa ganzi." Basi jioni ile nilipanga muhtasari wangu uwe unatumwa kila siku, saa kumi na mbili na nusu, kwa kundi letu la masomo. Kundi hilo, mbali na mimi, lina wanafunzi kumi na mmoja. Nilijiona mkarimu kweli kweli.

Kesho yake nilirudi nyumbani nikavaa gauni langu la nyumbani, lile lililokuwa limekatika kifungo cha shingoni. Mtoto wa fundi, gauni halina kifungo! Nikakibana kile kidude pale pale shingoni. Kilikaa vizuri sana, hata Mama hakukiona. Kikapu nilikipita bila wasiwasi. Kikapu ni cha simu, na mimi simu sikuwa nayo.

Saa kumi na moja na nusu alibisha hodi mtu ambaye sikumtarajia. Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi. Tulikuwa hatujamwona muhula mzima. Darasani wengine walisema amehamishwa, wengine walidai amepata kazi nono kwingine.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanakwendaje?" Alikuwa amekonda, lakini tabasamu lilikuwa lake lile lile. Aliweka simu yake kikapuni, akaingia nyuma ya pazia na Mama. Mimi nikabaki mezani nikifumua pindo la suruali.

Nilisikia sauti yake ikishuka. "Fundi, nitakwambia wewe kwa sababu lazima ujue unachoshona. Nilipata saratani. Madaktari wameniondoa titi moja. Nashukuru Mungu, wameniambia naendelea vizuri. Sasa nataka gauni la siku ya kufunga shule, lenye mfuko kwa ndani wa kuweka sponji."

"Pole sana, Mwalimu," alisema Mama polepole. "Nitakushonea gauni ambalo hutalifikiria ukishalivaa."

"Wanafunzi nitawaambia mimi mwenyewe, siku nikiwa tayari. Sitaki wanisikie midomoni mwa watu." Akageukia pazia. "Binti yako yupo hapo nje?"

"Yupo. Usimwogope. Huyu ana mdomo mwingi, lakini ya humu ndani hajawahi kuyatoa hata siku moja."

Nilijisikia fahari, mabega yakapanda juu. Nikanyoosha shingo, mkono ukagusa kola yangu. Taa ndogo ya kile kidude ilikuwa inawaka.

Jamani! Nilikizima haraka, lakini nilijua haisaidii. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwenye simu, na simu alikuwa nayo Baba kazini. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na dakika kumi. Baada ya dakika ishirini, wanafunzi kumi na mmoja wangesoma siri ya Mwalimu kabla hajawaambia mwenyewe.

Nitasema ukweli, maana bila ukweli hadithi hii haina faida. Wazo la kwanza lilikuwa kukificha kile kidude na kukaa kimya. Ningesema sijui kilifanya nini. Nani angemlaumu mtoto? Kisha nilimsikia Mwalimu akicheka nyuma ya pazia, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na wazo lile likanichukiza.

"Mama," nikasema. "Nimekosa. Nimekosa vibaya." Nikaeleza yote pale pale.

Pazia likafunguka. Mama alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini tatu midomoni. Alizitoa moja moja. Nilingoja kofi, nikasikia swali. "Kinatuma saa ngapi?"

"Na nusu."

Alichukua simu yake akampigia Baba. Iliita weee mpaka ikakatika. Baba ni kinyozi, na akishika mashine ya kunyolea hasikii hata radi.

"Kimbia!" alisema Mama.

"Kimbia, mwanangu," Mwalimu naye akasema. Alikuwa amesimama na kitambaa kimejaa pini mwilini. "Ningekuja nawe, lakini nimekuwa nungunungu."

Nilikimbia mitaa miwili bila kuvaa viatu. Dukani nilimkuta Baba akimnyoa mzee mmoja ndevu, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Simu ilikuwa ukutani kwenye chaji.

"Baba, fungua simu! Usiulize, fungua tu!"

Baba aliweka kidole gumba kwenye simu. Ikakataa. Kidole kilikuwa na povu. Akakipangusa kwenye aproni, ikakataa tena. Aproni ilikuwa na poda. "Hebu tulia, nitaikosea zaidi!" alinikemea, lakini hata yeye jasho lilikuwa linamtoka. Akanawa, akajifuta kwa taulo safi, akagusa mara ya tatu. Ikafunguka.

Muhtasari ulikuwa tayari, unasubiri. Mstari wa kwanza ulisema kazi ya hesabu, ukurasa wa arobaini. Mstari wa pili ulimtaja Mwalimu na ugonjwa wake, kavu kabisa, bila hata neno la pole. Baba aliusoma, uso ukabadilika. Alibonyeza kufuta, kisha tukaliondoa kundi lile kwenye orodha ya kutumiwa. Zilibaki dakika nne. Niliketi sakafuni juu ya nywele za watu, nikalia kwa furaha.

"Je, mimi sitamalizwa upande wa pili?" aliuliza yule mzee kwenye kiti. Hata Baba alicheka.

Lakini kabla sijaondoka, tulifungua mahali kidude kinapohifadhi yote kiliyoyasikia. Palikuwa na vipimo vya wateja wa wiki mbili, maradhi ya bibi yangu, na ugomvi wa Mama na Baba kuhusu bomba linalovuja. Tulifuta yote. Chini palikuwa na maandishi madogo: nakala inaweza kubaki kwa wenye kampuni kwa siku thelathini.

Nilirudi na maneno hayo, machungu kama shubiri. "Jambo lako halikutumwa," nilimwambia Mwalimu. "Lakini siwezi kuapa kwamba limefutika kila mahali."

Mwalimu alishusha pumzi ndefu, akaketi. "Wewe ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ahsante kwa kutonyamaza."

Mama alinishika bega. "Sikukukataza siku ile mjomba wako alipokileta, nikaacha kicheko kinishinde. Kosa hilo ni langu. Lakini sikiliza. Mtu akisikia siri, anaona haya, anaona huruma, anafunga mdomo. Chombo hakioni haya. Kwa hiyo anayekivaa lazima aone haya kwa niaba yake."

Zawadi ilirudi kwa mjomba, ambaye alinuna siku mbili, ya tatu akaja kula.

Siku ya kufunga shule Mwalimu alisimama mbele ya darasa letu katika gauni la samawati lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Akatuambia yote kwa maneno yake mwenyewe, na jinsi ya kuwahi hospitali mtu akiona dalili. Miwani alifuta macho. Kisha darasa zima likasimama na kupiga makofi mpaka madirisha yakatikisika.

Baadaye nilimbebea vitabu hadi ofisini. Aliniangalia, akatabasamu.

"Jambo langu wangelisoma kwenye simu, wangenionea huruma," alisema. "Wamelisikia kwangu, wamenipigia makofi. Habari ya mtu, mwanangu, mwache aiseme mwenyewe."